Tarakimu ngapi zinatosha kwa mafuta ambayo bado yako ardhini?

Swali: Mimi ni mhasibu katika kampuni ndogo ya ushauri wa uwekezaji hapa Upper Hill, Nairobi. Mteja wetu anafikiria kununua hisa katika kitalu chenye magunduzi matatu ya mafuta. Jedwali la mhandisi linaonyesha kwamba ugunduzi wa kwanza una mapipa milioni 71.955 yanayoweza kuvunwa, wa pili 23.418 na wa tatu 8.424, jumla 103.797. Katika ripoti niliandika 72, 23, 8 na jumla 104. Mkuu wangu alinirudishia ripoti akasema kwamba kufupisha ni kuficha, na kwamba hata hivyo 72, 23 na 8 ni 103, si 104. Nimefunzwa kwamba hesabu lazima ifunge hadi senti ya mwisho. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Dada msomaji, katika suala la tarakimu wewe uko karibu zaidi na ukweli kuliko mkuu wako. Hata hivyo hofu yake si ya kupuuzwa, na ripoti uliyomwandikia ilikuwa na upungufu ambao hakuna hata mmoja wenu aliyeutaja. Nitaanza na tarakimu zenyewe, kwa sababu mengine yote yanatokana nazo.

Senti unazozifunga katika vitabu vya hesabu zimehesabiwa. Kila moja iliingia au ilitoka, na risiti ipo. Mapipa milioni 71.955 hayajahesabiwa na mtu yeyote. Ni zao la kuzidisha makisio kadhaa, na zao hilo haliwezi kuwa hakika kuliko makisio yaliyolizaa. Umeniambia vigezo alivyotumia mhandisi kwa ugunduzi wa kwanza: eneo la kilomita 12 za mraba, unene wa tabaka lenye mafuta mita 40, vitundu vya mwamba asilimia 20 ya ujazo wake, mafuta asilimia 65 ya nafasi iliyo katika vitundu hivyo (sehemu inayobaki ni maji), kigezo cha kusinyaa 1.2 kwa kuwa mafuta hupoteza gesi na kupungua yanapopanda juu, na mwisho kiwango cha uvunaji cha asilimia 22. Ukizidisha eneo, unene, vitundu na sehemu ya mafuta, kisha ukagawanya kwa 1.2, unapata mita za ujazo milioni 52. Mita moja ya ujazo ni mapipa 6.2898, kwa hiyo mafuta yaliyomo mwambani ni mapipa milioni 327.07, na asilimia 22 yake ni milioni 71.955.

Tazama tarakimu hizo za mwisho zilikotoka. Hazikutoka mwambani, bali zilitoka katika 6.2898, yaani uhusiano wa vipimo viwili ambao unajulikana kwa usahihi mkubwa na hauhusiani kabisa na kitalu hicho. Eneo la kilomita 12 lilisomwa kwenye ramani iliyochorwa kutokana na mawimbi ya mtetemo, na mpaka wa chini, pale mafuta yanapokutana na maji, mara nyingi haujatobolewa na kisima chochote, hivyo eneo hilo lingeweza kuwa kilomita 10 au 14 bila mtu yeyote kushangaa. Unene wa mita 40 ni wastani wa visima vichache, na katikati ya visima hivyo tabaka huweza kunenepa, kukonda au kutoweka. Kuhusu vitundu, sampuli za mwamba zinazofika maabara ni vipande vya sentimita chache vinavyosimama badala ya kilomita nzima za mraba. Asilimia 22 ndiyo yenye shaka kubwa kuliko zote, kwa sababu kabla ya uzalishaji kuanza kiwango cha uvunaji huazimwa kutoka kwenye maeneo mengine yanayofanana na hilo. Mafuta ya Lokichar, huko Turkana, kwa mfano, yana nta nyingi na huganda yanapopoa, kwa hiyo kiasi kitakachovunwa kinategemea hata uamuzi wa kupasha mabomba joto na kusukuma maji ardhini, mambo ambayo ramani haiwezi kuyaeleza.

Tuseme shaka ya kila kigezo ni hii, na kwa ugunduzi wenye visima vichache huu si ukali: eneo asilimia 20 juu au chini, unene 25, vitundu 12, sehemu ya mafuta 10, kusinyaa 5, kiwango cha uvunaji 30. Shaka hizi hazijumlishwi moja kwa moja, kwani si rahisi zote zikosee kuelekea upande mmoja kwa wakati mmoja. Ikiwa hazitegemeani, unachukua mraba wa kila moja, unajumlisha miraba hiyo, kisha unatafuta kipeo cha pili, nayo inafika takriban asilimia 47. Kwa kuwa vigezo vinazidishwa, tokeo halienei sawasawa pande mbili; mkia wa juu huwa mrefu zaidi. Ni sahihi zaidi kugawanya na kuzidisha kwa takriban 1.6 kuliko kutoa na kuongeza. Hivyo makisio ya kati ya 72 yanakuwa na upande wa chini unaokaribia milioni 45 na upande wa juu unaokaribia milioni 115.

Sasa rudi kwenye 71.955. Tarakimu ya mwisho inawakilisha mapipa 1,000, ilhali umbali kati ya makisio ya chini na ya juu ni mapipa milioni 70. Anayeandika hivyo anafanana na kondakta wa matatu ya Thika Road anayekuambia saa kumi na moja jioni kwamba mtafika Githurai baada ya dakika 43 na sekunde 12. Hujapewa habari zaidi kuliko ungepewa na yule aliyesema dakika arobaini hivi, ila sasa umejua kwamba msemaji wako hajali anachojua na asichokijua. Kwa ripoti ya uwekezaji hiyo ni hasara halisi, kwa sababu msomaji makini anapoona tarakimu tano katika makisio ya awali huanza kushuku na sehemu zile zilizofanywa vizuri.

Historia ya Lokichar inatosha kuonyesha makisio hutembea umbali gani. Kisima cha Ngamia-1 kiligundua mafuta mwezi Machi 2012. Mwaka 2014 tathmini huru iliyofanywa kwa ajili ya Africa Oil, mmoja wa wabia, ilitoa makisio ya kati ya mapipa milioni 616, na mwaka 2016 tathmini kama hiyo ikatoa milioni 766. Mwaka 2018 Tullow, iliyokuwa msimamizi wa vitalu hivyo, ilitangaza milioni 240 kwa upande wa chini, 560 katikati na 1,230 kwa upande wa juu. Mwaka 2021, mpango wa uendelezaji ulipofanyiwa marekebisho, namba iliyotajwa ilikuwa milioni 585. Hakuna sababu ya kudhani kwamba yeyote kati ya hao alidanganya. Visima viliongezeka, majaribio ya uzalishaji yakafanywa, mpango wa uvunaji ukabadilika, na kila mtathmini alikuwa na mtazamo wake. Lakini ile 6 ya mwisho katika 616 na 766 ilimsaidia nani, ikiwa namba yenyewe ilipanda kwa milioni 150 na kisha ikashuka kwa zaidi ya milioni 200? Tangazo la 2018 lilikuwa na manufaa zaidi kwa sababu lilitoa namba tatu, na mtu akiona 240 na 1,230 kwa pamoja haulizi tena kama 560 ingekuwa 558.

Huo ndio upungufu wa ripoti yako nilioutaja. Ulifupisha 71.955 ukaandika 72, jambo zuri, lakini ukaiacha 72 ikisimama peke yake. Mkuu wako anasema kufupisha ni kuficha. Mjibu kwamba kutoka 71.955 kwenda 72 umeficha mapipa 45,000, na kwamba kuacha kutaja 45 na 115 kumeficha mapipa milioni 70. Akiwa anapenda uwazi, na nadhani anaupenda, huo wa pili ndio unaostahili hasira yake.

Namba tatu zina maana maalumu ambayo lazima ielezwe ndani ya ripoti. Katika PRMS, mfumo wa kuainisha na kukadiria rasilimali za petroli ambao jumuiya za kimataifa za wahandisi na wanajiolojia wa petroli waliutoa mwaka 2007 na kuurekebisha mwaka 2018, makisio ya chini (P90) ni kiasi ambacho kuna uwezekano wa angalau asilimia 90 kwamba kitakachovunwa kitakifikia au kukipita. Makisio ya kati ni asilimia 50. Ya juu ni asilimia 10. Mtu asiyezoea hugeuza, akadhani P90 ndiyo namba kubwa. Aidha, Idara ya Jiolojia ya Marekani hutumia asilimia 95 na 5 badala ya 90 na 10, na namba inayonukuliwa zaidi katika ripoti zake ni wastani, si ile ya kati. Ripoti yake ya 2012 kuhusu pwani ya Afrika Mashariki, iliyonukuliwa sana huku kwetu, ilitoa wastani wa mapipa bilioni 27.6 ya mafuta na futi za ujazo trilioni 441.1 za gesi ambazo zilikuwa hazijagunduliwa. Mtu akiziweka namba hizo safu moja na makisio ya kati ya Lokichar anachanganya vitu viwili tofauti, hata kama ameandika desimali zote kwa uaminifu.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba jina la kundi lina uzito kuliko tarakimu. Mapipa ya mteja wako yamegunduliwa, lakini je, yana mpango wa uendelezaji ulioidhinishwa, soko na fedha? Kama bado, ni rasilimali zenye masharti, na hazistahili kuitwa akiba hata zikiandikwa kwa tarakimu kumi. Mwezi Januari 2004 Shell ilitangaza kwamba mapipa bilioni 3.9, karibu moja ya tano ya akiba yake iliyothibitishwa, hayakustahili kuwa katika kundi hilo. Hayakuwa yamepotea ardhini. Yaliwekwa mahali pasipostahili katika jedwali. Wakuu wa kampuni walipoteza kazi kwa sababu hiyo, na hakuna desimali ambayo ingewaokoa.

Mkuu wako anaweza kukuonyesha mfano wa jirani zetu. Namba rasmi ya gesi asilia iliyogunduliwa Tanzania ni futi za ujazo trilioni 57.54, na imerudiwa mara nyingi mno hata imekuwa kama nambari ya simu. Ni jumla ya 47.13 za kina kirefu cha bahari na 10.41 za nchi kavu na maeneo ya karibu nayo. Hiyo ni gesi iliyomo mwambani, si yote itakayotoka. Sehemu moja ya mia ya trilioni, yaani ile 4 ya mwisho ikiongezeka ikawa 5, ni futi za ujazo bilioni 10. Hakuna mhandisi anayeweza kuapa kuhusu bilioni 10 katika hifadhi zilizo chini ya bahari yenye kina cha zaidi ya kilomita moja. Lakini naelewa kwa nini namba hiyo huandikwa vile: imejumlishwa kutoka kwenye taarifa za kampuni mbalimbali, na desimali zake humwezesha mkaguzi kuifuatilia hadi chanzo. Kama kitambulisho inafaa. Kama maelezo ya kinachojulikana, ningesema futi za ujazo trilioni 57 au 58 na kuendelea na kazi.

Kuna mahali ambapo mkuu wako angekuwa sahihi kabisa. Mwezi Agosti 2019, shehena ya kwanza ya mafuta ya Turkana ilipoondoka Mombasa, ilikuwa na mapipa laki mbili na ushei yaliyosafirishwa kwa malori na kukusanywa matangini. Mapipa hayo yalipimwa, joto lake likapimwa, na ankara ikaandikwa. Kwa mafuta yaliyokwisha kutoka, andika kila pipa ambalo mita imelisoma, kwa sababu mrabaha, kodi na mgao wa kaunti na jamii hutegemea hilo. Ubaya huanza pale uzalishaji uliopimwa unapowekwa katika safu moja na makisio ya kiasi kilichobaki, kisha safu nzima ikaandikwa kwa usahihi wa mita.

Sasa kuhusu 103 na 104. Hapo ndipo mhasibu huumia zaidi, na jibu ni rahisi: usifupishe katikati ya hesabu. Jumlisha namba kamili kama zilivyotoka kwa mhandisi, upate 103.797, kisha ufupishe jumla peke yake iwe 104. Chini ya jedwali andika kwamba jumla huenda isilingane na sehemu zake kwa sababu ya ufupishaji. Usiibadilishe 8 kuwa 9 ili safu ifunge. Nimeona hilo likifanywa, na matokeo yake ni kwamba ugunduzi mdogo unakua kwa sababu za urembo. Katika safu moja tumia hatua moja ya ufupishaji, kwa mfano milioni iliyo karibu, hata kama kwa ugunduzi mkubwa inabakiza tarakimu moja zaidi ya inayostahili. Jedwali husomwa na watu watakaoendeleza hesabu, na tarakimu hiyo ya ziada huwakinga dhidi ya makosa ya kufupisha mara mbili. Katika maelezo ya maneno, ambako hakuna atakayezidisha chochote, andika “takriban mapipa milioni 70” na “takriban milioni 100”. Ugunduzi wa mapipa 400,000 tu usiufupishe ukawa sifuri, uandike 0.4.

Jambo lililo gumu zaidi ni kujumlisha pande za chini. Tuseme makisio ya chini ya magunduzi yako matatu ni 45, 14 na 5. Jumla yake ni 64, lakini 64 si makisio ya chini ya kitalu kizima kwa maana ile ile ya asilimia 90. Ili jumla iangukie hapo, yote matatu yangepaswa kuwa mabaya kwa pamoja, na ikiwa hayategemeani hilo ni nadra. Kwa hiyo makisio ya chini ya kitalu yangekuwa juu kidogo ya 64, na ya juu yangekuwa chini kidogo ya jumla ya pande za juu. Kwa upande mwingine, magunduzi ya kitalu kimoja mara nyingi hushiriki ramani moja na kiwango kimoja cha uvunaji kilichoazimwa mahali pamoja, na kosa likiwepo hapo huyapiga yote. Kwa ripoti yenu ningejumlisha kwa njia ya kawaida na kueleza wazi kwamba nimefanya hivyo. Anayetaka kujumlisha kwa uwezekano amwombe mhandisi, naye aseme ametumia uhusiano gani kati ya magunduzi.

Angalia pia ubadilishaji wa vipimo, maana ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuzaa usahihi wa uongo. Mtu husema “takriban mapipa milioni 500”, mwandishi akazidisha kwa lita 158.987, na kesho yake gazeti linasema lita bilioni 79.49, ilhali kusema takriban lita bilioni 80 kungetosha. Gesi inapogeuzwa kuwa mapipa ya mafuta, kampuni nyingi hugawanya kwa futi za ujazo 6,000 kwa pipa, nyingine kwa 5,800. Tofauti hiyo peke yake ni zaidi ya asilimia 3, kwa hiyo namba iliyogeuzwa haiwezi kudai tarakimu nne kabla hata hatujauliza kama gesi hiyo ina bomba la kuifikisha sokoni.

Jihadhari na maneno “zaidi ya” pia. “Zaidi ya mapipa milioni 70” huigeuza namba ya katikati kuwa kima cha chini, na anayesoma anaelewa kwamba 70 zimekwisha hakikishwa. Kosa hili silioni likizungumzwa sana, ingawa linaumiza kuliko desimali tatu.

Kwa hisa ya mteja, hesabu kutoka kwenye namba kamili. Kama ananunua asilimia 25, chukua robo ya 103.797, ambayo ni 25.949, kisha andika 26. Usichukue robo ya “takriban 100”. Mwonye kwamba robo ya mapipa si robo ya mapato yake. Chini ya mkataba wa kugawana uzalishaji, mafuta ya kurudisha gharama na mafuta ya faida hugawanywa kwa kanuni zinazotegemea bei na kiwango cha uzalishaji, hivyo mgao wa kweli una shaka kubwa zaidi kuliko mapipa yenyewe, na unastahili tarakimu chache zaidi.

Aya utakayompelekea mkuu wako inaweza kusomeka hivi: “Ugunduzi wa kwanza unakadiriwa kuwa na takriban mapipa milioni 70 ya rasilimali zenye masharti (chini 45, juu 115). Kwa magunduzi yote matatu makisio ya kati ni takriban milioni 100. Makisio haya ni ya kitalu kizima kabla ya mgao, yanategemea kiwango cha uvunaji cha asilimia 22 ambacho hakijathibitishwa kwa uzalishaji, na yametolewa kwa tarehe ya jedwali la mhandisi.” Jedwali lenye desimali tatu liweke katika kiambatisho pamoja na vigezo vyote, likiwa na kichwa kinachosema ni matokeo ya hesabu kabla ya kufupishwa, ili mkaguzi akija aweze kuifuata 72 hadi 71.955 na 71.955 hadi kilomita 12 za mraba.